Huduma anazoruhusiwa kutoa mfamasia katika duka la dawa

KWA wakazi wengi wa mijini, duka la dawa ndipo mahali pa kwanza pa kukimbilia mtoto anapopata homa usiku. Hata hivyo, si kila avaaye koti jeupe dukani ni mfamasia, wala si kila huduma inayoombwa hapo inaruhusiwa.

Nchini Tanzania, taaluma hiyo husimamiwa na Baraza la Famasi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Usalama na ubora wa dawa zenyewe uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019.

Mfamasia ni mhitimu wa shahada aliyesajiliwa na Baraza. Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM), mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, huhudumiwa na watoa dawa waliopewa mafunzo maalumu, na orodha ya dawa zao ni fupi zaidi.

Kazi ya kwanza ya mfamasia ni kukagua cheti cha daktari: kipimo cha dawa, umri na uzito wa mgonjwa, ujauzito, mzio na dawa nyingine anazotumia. Akiona shaka, hupaswa kuwasiliana na aliyeandika cheti badala ya kukisia.

Ya pili ni kueleza matumizi. Dawa ya mseto ya malaria (ALu), kwa mfano, humezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Anayeiacha kwa kuwa homa imeshuka huweza kubaki na vimelea mwilini.

Ya tatu ni kuhudumia maradhi madogo bila cheti, kama maumivu ya kichwa, mafua na kiungulia. Mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki kwa siku 10 hadi 14. Akitoa damu au akishindwa kunywa, mfamasia hana budi kumpeleka hospitali mara moja.

Aidha, mfamasia hutoa ushauri wa uzazi wa mpango, zikiwamo kondomu na vidonge vya dharura vinavyotumika ndani ya saa 72.

Mvutano upo kwenye antibiotiki, ambazo huhitaji cheti. Mteja mwenye fedha kidogo huomba vidonge viwili tu, na mfamasia anayekataa hujua kuwa duka la jirani huenda likakubali. Lakini gharama yake ni kubwa: usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Vilevile, duka la dawa si zahanati. Kulaza mgonjwa, kumtundikia dripu au kumfanyia upasuaji ni kazi ya kituo kilichosajiliwa kwa ajili hiyo.

Mwananchi ana haki ya kuuliza kama mfamasia yupo, kuelezwa jina la dawa na kupewa maelekezo yaliyoandikwa. Naye ana wajibu wa kutaja dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwamo.