Je, Ann Arbor ni Sehemu ya Detroit? Historia ya Dhana Moja na Tatizo la Kuitafsiri

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa ripoti ya elimu ya juu niifasiri. Ndani yake ulitajwa mji wa Ann Arbor, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Michigan. Ripoti ilieleza kwamba mji huo umo katika eneo la Detroit. Bila ya kufikiri sana niliandika kuwa Ann Arbor ni "kitongoji cha jiji la Detroit". Mhariri aliyeipitia kazi yangu aliniuliza swali moja tu: kama ni kitongoji, meya wake anawajibika kwa nani? Sikuwa na jibu. Ann Arbor ina meya wake, baraza lake na kodi zake. Iko karibu kilomita 70 magharibi ya Detroit, na hata kaunti yake ni nyingine: Ann Arbor ni makao makuu ya Washtenaw, hali Detroit ni makao makuu ya Wayne.

Kosa lilikuwa langu, lakini chanzo chake ni dhana yenyewe. Tunaposema kwamba mji mdogo wa chuo ni "sehemu" ya jiji lililo karibu nao, neno hilo moja hubeba maswali matatu: nani anautawala, nani anauhesabu, na watu wake wanaishije siku hata siku. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya Ann Arbor, kwamba maswali hayo yanaweza kupata majibu yanayopingana kwa wakati mmoja, na kwamba mfasiri asiyeyatenga humpotosha msomaji wake.

2. Chuo kilichozaliwa Detroit

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba Chuo Kikuu cha Michigan hakikuzaliwa Ann Arbor. Kilianzishwa Detroit mwaka 1817, wakati Michigan ilikuwa bado haijawa jimbo kamili. Mji wa Ann Arbor wenyewe haukuwako. Ulianzishwa mwaka 1824 na walowezi wawili, John Allen na Elisha Rumsey.

Mwaka 1837 Michigan ilipokwisha kukubaliwa kuwa jimbo, miji kadhaa ilitamani kupata taasisi za serikali mpya. Kampuni ya ardhi ya Ann Arbor ilikuwa imetenga ekari 40 kwa matumaini kwamba makao makuu ya jimbo yatahamishiwa hapo. Makao makuu hayakwenda Ann Arbor. Mwaka 1847 yalihamishwa kutoka Detroit hadi Lansing. Lakini ekari zile 40 zilitolewa kwa chuo kikuu, nacho kikahama Detroit mwaka ule ule wa 1837. Masomo yalianza katika makao mapya mwaka 1841. Basi mji uliokosa serikali ulipata shule, na shule hiyo ndiyo iliyoupa sura yake hadi leo.

Kuhama huko hakukukata kamba. Reli kutoka Detroit ilifika Ann Arbor mwaka 1839, na kwa muda mrefu ndiyo iliyopitisha wanafunzi, barua na mazao. Karne iliyofuata, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Ford ilijenga kiwanda kikubwa cha ndege za vita huko Willow Run, ndani ya kaunti ya Washtenaw. Maelfu ya wafanyakazi walimiminika huko, na barabara pana ikajengwa ili kuwaleta kutoka upande wa Detroit. Baada ya vita, mwaka 1947, kiwanja cha ndege cha Willow Run kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Michigan, na kwa miaka kadhaa abiria waliokwenda Detroit kwa ndege walitua katika kiwanja kilichokuwa mali ya chuo kikuu cha Ann Arbor. Katika hali kama hiyo, nani angeweza kusema kwa uhakika ni mji upi uliokuwa pambizo ya mwenziwe?

3. Kipimo na mabadiliko yake

Hadi hapo tumesema juu ya maisha. Sasa tutazame hesabu, kwa maana istilahi inayotusumbua ilitoka kwa wahesabuji. Kwa ajili ya sensa ya mwaka 1950, ofisi ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani iliweka kipimo kimoja cha kuyatambua maeneo ya majiji kwa nchi nzima. Sharti la msingi lilikuwa kuwako mji wenye watu wasiopungua 50,000. Mji huo, pamoja na kaunti yake na kaunti jirani zilizofungamana nayo, uliitwa kwa Kiingereza "metropolitan area". Eneo la Detroit likahesabiwa kuwa na kaunti 3: Wayne, Oakland na Macomb. Washtenaw haikuwamo.

Wala Ann Arbor haikupata eneo lake yenyewe. Sensa ya 1950 iliukuta mji ukiwa na watu 48,251. Ulipungukiwa na watu 1,749 tu. Na hapa pana jambo linalouhusu mji wa chuo peke yake. Kabla ya sensa hiyo, mwanafunzi wa chuo kwa kawaida alihesabiwa nyumbani kwa wazazi wake. Kuanzia 1950 alihesabiwa pale alipokuwa akiishi kwa masomo. Mwaka 1940 Ann Arbor ilikuwa na watu 29,815. Ongezeko la miaka kumi iliyofuata lilitokana kwa kiasi fulani na watu waliokuja, na kwa kiasi fulani na kalamu iliyobadili namna ya kuandika. Sensa ya 1960 iliupata mji ukiwa na watu 67,340, na Washtenaw ikawa eneo linalojitegemea, lenye jina la Ann Arbor.

Tangu hapo jina hilo limepandishwa na kushushwa mara nyingi. Mwaka 1983 lilianzishwa tabaka la maeneo makubwa yenye maeneo madogo ndani yake; Ann Arbor ikawa eneo dogo ndani ya eneo kubwa la "Detroit–Ann Arbor". Katika miaka ya 1990 kaunti za Livingston na Lenawee zilihesabiwa pamoja na Washtenaw, na jina la Flint likaongezwa katika lile eneo kubwa. Mwaka 2003 utaratibu ulifumuliwa: Livingston ikatiwa katika eneo la Detroit, Washtenaw ikabaki peke yake, na juu yao ukawekwa muungano wa takwimu ulioitwa kwa majina ya Detroit, Warren na Flint. Ann Arbor ilikuwa ndani ya muungano huo, lakini haikuwamo katika jina. Mwaka 2013 jina la Flint liliondolewa na la Ann Arbor likarudishwa. Katika mabadiliko yote hayo hakuna nyumba hata moja iliyohama.

Kipimo chenyewe kinategemea safari za kwenda kazini. Ili kaunti ya pembeni iingizwe katika eneo la jiji, yatakiwa angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo wawe wanafanya kazi katika kaunti za kati za jiji hilo, au angalau asilimia 25 ya kazi zilizomo zishikwe na watu watokao kaunti hizo za kati. Kwa muungano wa maeneo mawili sharti ni jepesi zaidi: hujumlishwa asilimia ya wanaokwenda na asilimia ya wanaokuja, na jumla ikifika 15 inatosha. Washtenaw hupita katika mlango wa pili lakini haipiti katika ule wa kwanza. Sababu yake ni chuo. Chuo kikuu pamoja na hospitali yake huajiri watu wengi mno, na kila asubuhi magari huingia Ann Arbor kutoka kaunti jirani. Wanafunzi, kwa upande wao, hulala na kusoma mahali pale pale. Mji wa namna hii si kitanda cha wafanyakazi wa jiji. Una mvuto wake wenyewe.

4. Hesabu huamua, lakini si mambo yote

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya makarani. La hasha. Mipaka hiyo ya takwimu hutumiwa katika kukadiria viwango vya kodi za nyumba kwa ajili ya misaada ya serikali, na katika kurekebisha malipo ya hospitali zinazotibu wazee kufuatana na mishahara ya mahali. Familia inayotafuta chumba na hospitali inayolipa wauguzi huguswa na mstari uliochorwa na ofisi iliyo mbali nayo.

Hata hivyo mstari huo hausemi kila kitu. Mwaka 2012 jimbo la Michigan liliunda kwa sheria mamlaka moja ya usafiri wa umma kwa kaunti 4: Wayne, Oakland, Macomb na Washtenaw. Hivyo kwa mambo ya mabasi Ann Arbor ilitiwa pamoja na Detroit, ingawa kwa takwimu ilikuwa eneo jingine. Novemba 2016 wananchi walipiga kura kuamua kama wakubali kodi ya kuiendesha mamlaka hiyo. Pendekezo lilishindwa. Lakini tazama nani alikubali na nani alikataa: Wayne na Washtenaw zilikubali, Oakland na Macomb, ambazo zimekuwa ndani ya eneo la Detroit tangu 1950, zilikataa. Kaunti iliyohesabiwa nje ilitaka kuchangia nauli ya pamoja. Mbili zilizohesabiwa ndani hazikutaka.

5. Tatizo letu

Turudi katika Kiswahili. Neno "kitongoji" halifai, maana kwa Tanzania ni sehemu ya kijiji iliyowekwa kisheria, na hata kwa maana yake ya zamani ni makazi madogo yanayotegemea makubwa. "Jiji kuu" linazungumzia mji wenyewe, si eneo linaloufuata. "Eneo la jiji" ndilo linalotumika sana, nalo ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu "jiji" kwetu ni cheo cha serikali za mitaa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya wakati huo ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Tangu hapo, kwa maana ya utawala, Ubungo, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichopo Mlimani, iko nje ya Jiji. Hakuna mkazi wa Mlimani atakayekubali kuambiwa kwamba haishi Dar es Salaam, lakini ofisa anayegawa fedha kwa kufuata maandishi aweza kusoma hivyo hasa.

Na nje zaidi kuna Kibaha, yapata kilomita 40 kwa barabara ya Morogoro. Mji huo ulikuzwa na kituo cha elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Uko katika Mkoa wa Pwani, lakini watu wake wengi hudamka kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Swali la Ann Arbor, basi, si la ugenini.

Kwa hiyo napendekeza tutenge istilahi tatu. Kwa mipaka ya utawala tubakie na "jiji". Kwa eneo linalopimwa kwa safari za kazi tuseme "eneo-mvuto la jiji". Na pale maeneo mawili yanapohesabiwa pamoja bila ya moja kulimeza jingine, tuseme "muungano wa maeneo-mvuto". Kwa kutumia istilahi hizo, sentensi iliyonishinda ingeandikwa hivi: Ann Arbor ni mji unaojitawala, wenye eneo-mvuto lake, nalo limo katika muungano mmoja na eneo-mvuto la Detroit.

6. Hitimisho

Neno la asili la Kiyunani lililozaa istilahi ya Kiingereza lina maana ya mji mama. Detroit ilikizaa chuo kikuu, kikaolewa kwingine na kujenga nyumba yake. Ukoo haukukatika, lakini ufunguo wa mlango si wa mama. Mfasiri anayeandika "sehemu ya" hana budi kujiuliza kwanza: kwa ukoo, kwa hesabu, au kwa ufunguo? Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi nilizopendekeza wanaombwa kuzileta, ili zijadiliwe kabla hazijatiwa katika orodha.