Usawa wa Mwana wa Rusinga

Waraka wa serikali wa 1965, Sessional Paper Namba 10, niliusoma baada ya kuacha chuo, bila mtihani wowote mbele yangu. Mwanzo wake ni mtamu: Ujamaa wa Kiafrika, usawa, kusaidiana kama wazee wetu. Ukifika kwenye pesa, lugha inageuka. Mtaji uende unakozaa zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na reli. Wengine faida itawafikia baadaye. Sasa penye reli na ardhi nzuri ni wapi, kama si kule alikokaa mzungu? Kosele mvua tunayo. Reli ndiyo haikupita.

Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya, kwao Rusinga, kaunti hii hii yetu ya Homa Bay. Hilo ndilo hunisumbua. Sidhani alitudharau, nadhani aliamini chungu kikijaa, kila mtu atapakuliwa.

Jaramogi Oginga Odinga hakungoja kupakuliwa. Aprili 1966 aliacha umakamu wa rais, akaunda KPU, na 1967 kikatoka kitabu chake, Not Yet Uhuru. Julai 1969 Mboya akauawa. Oktoba, KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini.