Neon Genesis Evangelion na Mwaka 1995: Je, Sanaa ni Kioo cha Jamii?

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amewahi kuandika, angalau katika mtihani mmoja, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Mimi nimeiandika kauli hiyo mara nyingi hadi mkono unaiandika wenyewe. Katika insha hii nataka kuijaribu kwa kazi iliyo mbali na kwetu: katuni ya Kijapani iitwayo Neon Genesis Evangelion, yenye sehemu 26, iliyorushwa na kituo cha TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996. Katika rasimu yangu ya kwanza nilidai kwamba katuni hii ilizaliwa na maafa yaliyoipata Japani mwaka 1995. Mhadhiri wangu aliirudisha ikiwa na neno moja pembeni: “Tarehe?” Niliudhika. Kisha nikaenda kuzitafuta hizo tarehe.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa wasioijua. Mwaka 2000 mlipuko mkubwa unatokea bara la Antaktika na kusababisha vifo vya nusu ya wanadamu. Mwaka 2015 kijana wa miaka 14, Shinji Ikari, anaitwa na baba yake ambaye hajaonana naye kwa miaka. Anafika Tokyo-3, mji wenye majengo yanayoshuka ardhini wakati wa vita, na kukuta kwamba baba hakumwita kwa sababu amemkumbuka. Anatakiwa kuingia ndani ya jitu liitwalo Eva na kupigana na viumbe wanaoushambulia mji. Jitu hilo linaunganishwa na waya mnene wa umeme. Likikatika, nguvu iliyobaki ni ya dakika 5. Baadaye tunagundua kwamba chini ya vyuma kuna nyama na damu, na kwamba ndani ya jitu la Shinji mna roho ya mama yake. Marubani wenzake, Rei na Asuka, wana majeraha yao wenyewe. Wote watatu wana umri wa miaka 14. Ni kizazi kilichozaliwa baada ya maafa na kukabidhiwa deni lake.

Wale maadui walinipa taabu ya tafsiri. Kwa Kijapani wanaitwa shito, neno litumikalo kwa mitume wa Yesu, lakini kwenye skrini za kompyuta ndani ya katuni huandikwa neno la Kiingereza la malaika. Nilipokuwa nawasimulia wenzangu hosteli, nilianza kusema “mtume anaushambulia mji” na mwenzangu Mwislamu akanikazia macho. Tangu hapo nasema malaika. Wanaotafuta mafundisho ya Kikristo humo watajichosha bure. Kazuya Tsurumaki, msaidizi wa mwongozaji, amewahi kueleza kwamba misalaba ile iliwekwa kwa sababu ilivutia macho na ilikuwa na ugeni.

Majitu ya chuma yalikuwa na historia ndefu Japani kabla ya hapo. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28, silaha ya siri iliyobaki kutoka Vita Kuu ya Pili, ikiongozwa na mtoto kwa rimoti. Mwaka 1972 Go Nagai, katika Mazinger Z, alimpandisha kijana ndani ya kichwa cha jitu lililotengenezwa na babu yake. Mwaka 1979 Yoshiyuki Tomino alitoa Gundam, ambamo roboti ni zana za kawaida za vita, kama vifaru, na rubani ni mvulana ambaye hakuomba kupigana. Wafadhili hawakuridhika, sehemu 52 zilizopangwa zikapunguzwa hadi 43. Nataja haya kwa sababu wapo wanaosema Shinji ndiye rubani wa kwanza mwenye hofu. Si kweli. Jipya lililoletwa na Evangelion ni kwamba hofu hiyo haiponi kwa ushindi. Kila Shinji anaposhinda, anarudi chumbani kwake na kulitazama dari.

Sasa tuje kwenye mwaka 1995. Tarehe 17 Januari, alfajiri, tetemeko liliupiga mji wa Kobe na maeneo ya jirani, na watu zaidi ya 6,400 walifariki. Tarehe 20 Machi waumini wa kundi la Aum Shinrikyo walimwaga gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, wakaua watu zaidi ya kumi na kujeruhi maelfu. Miongoni mwa waumini hao walikuwamo wasomi wa sayansi. Miezi michache baadaye inatokea katuni yenye mji unaobomolewa, shirika la siri, na mpango wa kuziunganisha nafsi zote za wanadamu ziwe kitu kimoja. Nani asingeunganisha mambo hayo? Mimi niliyaunganisha kwa kurasa tatu.

Lakini tarehe zinakataa. Mpango wa Evangelion uliandikwa mwaka 1993. Studio ya Gainax ilikuwa imekwama: filamu iliyokuwa ikiiandaa ilisimamishwa mwaka huohuo kwa kukosa fedha, na ndipo Toshimichi Otsuki wa King Records alipomwahidi mwongozaji Hideaki Anno kwamba akileta wazo lolote, yeye atamtafutia nafasi kwenye televisheni. Toleo la vitabu vya katuni, lililochorwa na Yoshiyuki Sadamoto, lilianza kuchapishwa gazetini Desemba 1994. Shinji alikuwa ameshaitwa na baba yake kabla Kobe haijatikisika.

Kwa hiyo chanzo lazima kitafutwe nyuma zaidi. Uchumi ulikuwa umeanguka: faharisi ya soko la hisa la Tokyo, iliyofikia karibu 39,000 mwishoni mwa 1989, ilishuka chini ya 15,000 Agosti 1992. Baba aliyeishi kazini kwa ahadi kwamba kazi italipa alianza kuonekana kwa jicho jingine. Lakini nisirudie kosa langu kwa kubadilisha mwaka tu. Mpango unaweza kutangulia maafa, na uchoraji ukaendelea baada yake. Sehemu za mwisho zilikamilishwa huku kipindi kikiwa hewani. Ushahidi ulio karibu zaidi na kazi yenyewe ni wa mtu mmoja. Katika maelezo aliyoyaandika Julai 1995, Anno, mzaliwa wa Ube mwaka 1960, alisema kwamba kwa miaka minne alikuwa mtu aliyevunjika, asiyeweza kufanya lolote, na kwamba katika kazi hii ameiweka nafsi yake. Hakuanza na Kobe wala sarini. Alianza na yeye mwenyewe.

Hilo linaueleza mwisho wa katuni vizuri kuliko maelezo yangu ya awali. Muda ulikuwa umewaishia. Katika sehemu ya 24 kamera inasimama kwenye picha moja, Eva limemshika mtu mkononi, kwa karibu dakika nzima, na hakuna kinachosogea. Sehemu mbili za mwisho hazina vita kabisa. Tunaingia ndani ya fikra za Shinji: kiti, taa, michoro isiyokamilika, picha za mitaani, maswali. Malaika wamekwisha na roboti hatulioni likipigana. Swali lililobaki ni kama kijana huyu anaweza kuvumilia kuwapo. Watazamaji wengi walikasirika. Mimi pia, mara ya kwanza, nilidhani nimepakua faili baya. Julai 1997 Anno alitoa filamu yenye mwisho mwingine, wa kutisha zaidi, na ndani yake akaonyesha barua za watazamaji, zikiwamo za matusi.

Je, kauli ya kioo imeanguka? Nadhani imegeuka. Evangelion haikuonyesha mwaka 1995, ila watu wa 1995 walijiona ndani yake. Kuandikwa kwa kazi ni tukio moja na kupokelewa kwake ni tukio jingine. Kila moja lina tarehe zake, na sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuzichanganya.

Jambo hili linanigusa. Nilizaliwa Gulu mwaka 2003, wakati vita vya Kaskazini mwa Uganda vikiendelea, ingawa mimi mwenyewe sivikumbuki. Kila nisomapo hadithi yangu fupi darasani, mtu hunyanyua mkono na kuuliza kuhusu vita. Niliandika kuhusu mvulana asiyetaka kupokea simu ya baba yake. Wakasema ni hadithi ya watoto waliotekwa. Ilikuwa hadithi ya simu. Sisemi wasomaji wangu hawana haki ya kuviona vita hapo, pengine vipo. Nasema tu kwamba nilitendewa na wasomaji kile nilichomtendea Anno, na sikukitambua mpaka nilipoulizwa tarehe.

Namalizia na Tetsujin 28. Mtaa wa Nagata, Kobe, uliungua vibaya kwa moto uliofuata tetemeko. Mwaka 2009 wakazi walisimamishiwa hapo sanamu ya chuma ya jitu hilo, yenye kimo cha zaidi ya mita 15, kama sehemu ya juhudi za kuufufua mtaa. Yokoyama alizaliwa Kobe mwaka 1934 na kufariki mwaka 2004. Alianza kulichora jitu lake miaka 39 kabla ya tetemeko. Sasa limesimama pale, ngumi mbele, na watu hupiga picha chini ya miguu yake.