Mti na Chuma: Historia Fupi ya Kitako cha Bunduki ya Upepo

Historia ya silaha huandikwa zaidi kwa upande wa chuma. Kasiba na mtambo hupewa sura ndefu; mti unaovishika hutajwa kama pambo. Kwa bunduki ya upepo upungufu huu hauna udhuru, kwani humo swali la nani akae begani, mti au hewa, ndilo lililoamua umbo la chombo chote.

Katika karne ya 18 baadhi ya mafundi wa Ulaya walitundika tufe la hewa iliyoshindiliwa chini ya kasiba, nacho kitako cha mti kikabaki kizima, kikachongwa kama cha bunduki yoyote ya mawindo. Wengine walikigeuza kitako chenyewe kuwa chupa. Ndiyo njia aliyoifuata Bartolomeo Girandoni wa Tirol, ambaye bunduki yake iliingia katika jeshi la Austria mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyovikwa ngozi, na kuijaza kulihitaji mapigo ya pampu yapatayo 1,500. Ilibeba risasi zipatazo 20, wala haikutoa moshi, sifa kubwa katika zama za baruti. Lakini chupa haichongeki. Askari mrefu na mfupi waliegemeza shavu kwenye chuma kile kile.

Mti ulirejea kwa njia ya kamani. Bunduki ya Lincoln Jeffries wa Birmingham, iliyopewa hataza mwaka 1904 na kutengenezwa na BSA, iliiweka kamani ndani ya silinda, na bega likarudishiwa mti. Bunduki za kamani za baadaye zikalazwa ndani ya mti mmoja unaofika mbele. Hata hivyo kamani ni korofi: pistoni ikikimbilia mbele bunduki hurudi nyuma, na pistoni ikifika mwisho bunduki husukumwa mbele. Mtikisiko huo hulegeza skrubu na kupasua mti uliochongwa kinyume cha nyuzi zake.

Kwa hiyo fundi anayemchongea mtu mmoja kitako chake huchagua mjozi mkavu, wenye nyuzi zilizonyoka pale panapozungukwa na kidole gumba, maana ndipo pembamba kuliko pote. Huupaka chuma masizi, akakilaza ndani ya mti, akakitoa. Palipoingia weusi ndipo patasi ipite, kidogo kidogo, hadi chuma kikae bila kucheza. Kisha hupima mkono na kimo cha shavu la mwenyewe, akapiga msasa (jina la mti ambao majani yake yalisugulia mbao kabla ya karatasi), na kumalizia kwa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba kwa siku nyingi.

Kitako, kwa maoni yangu, ni jina la sehemu ya begani tu. Gogo zima lililochongwa, toka bega hadi kiganja cha mbele, lastahili kuitwa mti wa bunduki. Hapo ndipo tutaweza kusema bila utata kwamba Girandoni alitengeneza kitako kisicho mti.