Kalausi (nyota)

Kalausi ni nyota ya manjano inayoelekea rangi ya chungwa, katika kundinyota la Tanga, umbali wa miaka ya nuru 133 hivi. Orodha za wanaastronomia huiita HD 83443. Ilipata jina hili Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoadhimisha miaka 100 na kuzipa nchi shiriki nyota moja moja, pamoja na sayari yake, zizipe majina. Kenya ilichagua maneno mawili ya Kijaluo: kalausi, yaani chamchela, kwa nyota, na buru, yaani vumbi, kwa sayari. Tanzania ikachagua Mpingo kwa nyota yake na Tanzanite kwa sayari yake.

Kwa mtu aliye Longech, ule ulimi wa mchanga unaotenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, nyota hii hufika kileleni mnamo saa tatu usiku mwanzoni mwa Aprili, nyuzi 43 juu ya upeo wa kusini. Kwa macho matupu haionekani. Inataka darubini ya mkono na subira. Giza lipo la kutosha. Taabu ni upepo: lenzi huweza kupakwa vumbi kabla hujaipata nyota yenyewe. Jina limetoka kwa Wajaluo, lakini Longech lingeeleweka bila mkalimani.

Buru ilitangazwa mwaka 2000 na watafiti wa Geneva waliokuwa wakitumia darubini ya La Silla, Chile. Uzito wake ni angalau asilimia 40 hivi ya uzito wa Mshtarii, na huizunguka nyota kwa siku tatu kasoro kidogo. Watafiti walewale walidai kuna sayari ya pili, ya siku 30 hivi. Wengine walipopima hawakuiona, na dai likafutwa. Sayari ya pili iliyokubalika, yenye mzunguko wa miaka 22 hivi, ilielezwa mwaka 2022.

Kalausi ina chuma mara mbili hivi ya Jua. Si ajabu: mwaka 2005 Debra Fischer na Jeff Valenti walionyesha kwamba kadiri nyota ilivyo na chuma kingi ndivyo inavyoelekea kuwa na majitu ya gesi. Fumbo zaidi ni kaboni na oksijeni. Katika Jua, kila atomu 100 za oksijeni zina kaboni 55 hivi. Ndani ya diski inayozaa sayari, penye joto, kila kaboni hujitwalia oksijeni moja, zikawa monoksidi ya kaboni. Kaboni zote 55 zikishapata wenzi, hubaki oksijeni 45 za kutengenezea maji na mawe. Mchanga wa Longech, ambao kwa sehemu kubwa ni silikoni iliyoshikana na oksijeni, umetokana na baki hilo. Kaboni ikipita 80 hivi kwa 100, baki huwa dogo mno na vumbi lenyewe hugeuka: badala ya mchanga huja grafiti na kabidi ya silikoni.

Je, nyota za namna hiyo ni nyingi? Mwaka 2010 Elisa Delgado Mena na wenzake walipima nyota zenye sayari na zisizo nazo, wakapata kadhaa zilizovuka kiwango hicho. Miaka miwili baadaye Jonathan Fortney alihoji kwamba zimehesabiwa kupita kiasi, na hoja yake ina uzito. Katika spektra ya nuru ya nyota, mstari wa oksijeni kwenye nanomita 630 umekaa juu ya mstari wa nikeli, na nyota yenye chuma kingi, kama Kalausi, ina nikeli nyingi pia. Ukikosea kidogo kuitoa nikeli, oksijeni yako imepotea au imezidi. Mistari ya nanomita 777 ni dhahiri zaidi, ila nayo haisomeki sawa bila masahihisho.

Kaboni na oksijeni hutafutwa pia katika hewa ya sayari zenyewe, lakini hewa ya Buru ni ngumu kuipima kwa sababu sayari hiyo iligunduliwa kwa mtikisiko wa nyota, si kwa kuonekana ikipita mbele yake. Tanzanite, kwa upande wake, hupita mbele ya Mpingo kila baada ya siku tatu kasoro kidogo, na nuru ya nyota hupenya pembezoni mwa hewa yake, hivyo hewa hiyo ni rahisi zaidi kuchunguza.