Kutoka Mazungumzo hadi Istilahi: Uelekezi wa Karibu na Ujifunzaji wa Aljebra Shirikishi, 1927–1935

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi aljebra shirikishi ilivyofundishwa na Emmy Noether huko Göttingen, Ujerumani, na baadaye Bryn Mawr, Marekani. Yanadai kwamba lugha ya taaluma hiyo ilizaliwa katika mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wachache, ikahamia katika madaftari, na hatimaye ikasanifishwa vitabuni. Mfuatano huo una funzo kwa wapangaji wa sera ya Kiswahili katika elimu ya juu.

1.0 Utangulizi

Aljebra shirikishi ni mfumo wa vitu vinavyoweza kujumlishwa na kuzidishwa, ambamo kuhamisha mabano hakubadili zao: (ab)c ni sawa na a(bc). Fasili hii ni fupi, lakini humtatiza mwanafunzi kwa sababu inamtaka atenganishe mambo mawili aliyozoea kuyaona kama jambo moja, yaani kuhamisha mabano na kubadili mpangilio wa vizidishwa. Katika namba za kawaida yote mawili yanaruhusiwa. Katika kwatenioni, zilizobuniwa na William Rowan Hamilton mwaka 1843, la kwanza linaruhusiwa ilhali la pili haliruhusiwi: i ikizidishwa kwa j hutoa k, lakini j ikizidishwa kwa i hutoa −k. Hata hivyo, (ij)k na i(jk) zote hutoa −1.

Mwanafunzi anaweza kukariri fasili na bado akakosea katika hatua ya pili ya uthibitisho, kwa kubadili mpangilio bila kujua. Kosa la namna hiyo halionekani kwa mwalimu anayehutubia ukumbi. Huonekana pale mwanafunzi anapoeleza kwa kinywa chake alichokifanya, na mtu aliye karibu naye akamwuliza: “Hapa umehamisha mabano, au umebadilisha nafasi?” Uelekezi wa karibu katika makala haya una maana ya mazungumzo ya aina hiyo, wala si tuisheni ya kulipia inayorudia somo la darasani kwa ajili ya mtihani.

2.0 Göttingen: Mwalimu Aliyefikiri kwa Sauti

Noether alifika Göttingen mwaka 1915 kwa mwaliko wa David Hilbert na Felix Klein. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, hakupewa haki ya kufundisha kwa jina lake hadi mwaka 1919, na kabla ya hapo mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert. Hakupata kamwe uprofesa kamili chuoni hapo.

Mihadhara yake haikuwa rahisi kufuatwa. Alifikiri kwa sauti mbele ya ubao, mara nyingi juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa bado hajalikamilisha. Mgeni aliyeingia siku moja angeweza kutoka mikono mitupu. Waliofaidika ni wale waliobaki naye baada ya kipindi, wakatembea naye na kubishana naye njiani. Kundi hilo dogo lilijulikana kama “vijana wa Noether”.

Katika muhula wa baridi wa 1927/28 Noether alihadhiri juu ya mifumo ya namba zilizopanuliwa, yaani aljebra shirikishi, na uwakilishi wake. B. L. van der Waerden aliandika madaftari ya mihadhara hiyo, na kutokana nayo Noether alitoa makala yake mashuhuri ya mwaka 1929. Van der Waerden mwenyewe alichapisha kitabu cha Moderne Algebra katika majuzuu mawili, 1930 na 1931, kilichojengwa juu ya mihadhara ya Noether na ya Emil Artin. Mwanafunzi mwingine, Max Deuring, alitoa kitabu kuhusu aljebra hizo mwaka 1935. Hivyo, yaliyoanza kama mazungumzo yalipita katika daftari kabla ya kuwa kitabu cha kiada.

Mwaka 1933 sheria ya utawala wa Nazi iliwaondoa walimu Wayahudi katika vyuo vya umma. Noether alifukuzwa kazi. Kwa muda aliendelea kukutana na wanafunzi nyumbani kwake. Chuo kilimnyang’anya ukumbi, lakini namna yake ya kufundisha haikuuhitaji ukumbi huo.

3.0 Bryn Mawr: Lugha ya Mseto

Mwishoni mwa mwaka 1933 Noether alihamia Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, chuo cha wanawake. Huko aliongoza kikundi kidogo cha wasomi wanawake, miongoni mwao Ruth Stauffer, Grace Shover, Marie Weiss na Olga Taussky. Walisoma kitabu cha van der Waerden, ambacho kilikuwa kwa Kijerumani tu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Stauffer, Noether hakuwataka wahangaike kutafsiri; waliyatumia maneno ya kitaalamu ya Kijerumani ndani ya sentensi za Kiingereza.

Kwa mtafiti wa lugha, hili ni jambo zito. Mseto huo haukuchukuliwa kuwa dalili ya udhaifu. Ulikuwa daraja: sarufi ya lugha waliyoimudu iliibeba dhana, na neno geni likasubiri kisawe chake hadi dhana ilipoeleweka. Baadhi ya maneno hayakupata kisawe kamili hadi leo. Kiingereza bado kinatumia kiambishi cha Kijerumani “eigen” katika istilahi zake za hisabati. Noether alifariki tarehe 14 Aprili 1935, baada ya upasuaji. Stauffer alipata shahada yake ya uzamivu mwaka huohuo.

4.0 Mjadala: Funzo kwa Kiswahili

Historia ya ukuzaji wa Kiswahili cha kitaaluma imeweka uzito mkubwa katika orodha za istilahi. Kazi hiyo ni ya lazima; kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa juhudi hizo. Hata hivyo, Göttingen na Bryn Mawr zinaonesha kwamba orodha ni tunda la mazungumzo. Istilahi isiyowahi kutumika mwalimu na mwanafunzi wanapobishana juu ya kosa halisi hubaki kabatini.

Mazungumzo hayo, kwa upande mwingine, yapo tayari. Wanafunzi wengi wa Tanzania hufundishwa hisabati kwa Kiingereza kuanzia sekondari, kisha wakaelezana kwa Kiswahili kilichochanganywa na maneno ya Kiingereza. Sera inayouona mseto huo kuwa kosa inajinyima malighafi yake. Inafaa wanaistilahi waketi katika vikao hivyo na kuandika yanayosemwa, kama van der Waerden alivyofanya.

Tahadhari mbili zinahitajika. Wanafunzi wa Noether walikuwa wachache na walikwisha kuteuliwa. Darasa la mamia halitaigeuza njia hiyo kuwa yake bila kugawanywa katika vikundi vyenye viongozi walioandaliwa. Pili, uelekezi unaomtegemea mtu mmoja huweza kufa pamoja naye. Kilichoiokoa aljebra ya Noether ni madaftari.

5.0 Hitimisho

Aljebra shirikishi ilieleweka pale wanafunzi walipopewa nafasi ya kukosea kwa sauti mbele ya mwalimu aliyesikiliza. Taasisi za Kiswahili zinapopanga bajeti ya kamusi, zipange pia bajeti ya waelekezi na ya waandishi wa madaftari. Bila hao, kamusi zitaendelea kutangulia wasomaji wake.