Lishe wakati wa matibabu ya saratani ya matiti na baada yake

Lishe ya mgonjwa wa saratani ya matiti ni ulaji unaopangwa kufuata hatua za tiba: kabla na baada ya upasuaji, katika miezi ya dripu za kemo, katika wiki za mionzi, na katika miaka ya vidonge vya homoni inayofuata. Kazi yake kuu ni kumwezesha mgonjwa kumaliza dozi zake zote, kwa kiwango alichopangiwa na siku alizopangiwa. Hakuna chakula kinachoyeyusha uvimbe wa titi, wala mboga inayochukua nafasi ya kisu, kemo au mionzi. Lakini mgonjwa aliyeishiwa nguvu na ambaye vipimo vyake vya damu viko chini huahirishiwa dripu au hupunguziwa dawa, na kila anapocheleweshwa saratani inapata nafasi. Ndiyo maana suala la chakula linastahili kuzungumzwa siku ileile tiba inapopangwa, badala ya kusubiri mgonjwa adhoofike.

Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Kwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapya milioni 2.3 na vifo 670,000. Nchini Kenya ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Nchini Tanzania inafuata baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasogea, na tiba hutolewa katika vituo vichache. Mama anayetoka mkoani kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mara nyingi hufikia kwa ndugu na kula kinachopikwa na mwenyeji wake. Ushauri wa lishe usiojua nani anashika chungu hauna msaada kwake. Afadhali mpishi wa nyumba naye aitwe asikie.

Uzito na misuli

Watu wakisikia saratani hufikiria kukonda. Kwa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema, jambo la kawaida ni mgonjwa kunenepa wakati wa kemo. Dawa za steroidi kama deksamethasoni, zinazotolewa kuzuia kichefuchefu na mzio, huongeza njaa. Uchovu humfanya alale muda mrefu. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kemo inaweza kuikatisha ghafla, na mwili ukabadilika. Ndugu nao, kwa mapenzi, huleta soda, maandazi na juisi za pakiti. Kilo zinazoongezeka huwa ni mafuta, huku misuli ikipungua, hivyo mizani peke yake hudanganya. Dalili inayosema kweli ni nguvu: je, anaweza bado kuinuka kitini bila kujishika, au kubeba ndoo ndogo kwa mkono usiofanyiwa upasuaji?

Kinacholinda misuli ni protini pamoja na kutembea. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inapendekeza zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mwanamke wa kilo 60 alenge basi gramu 70 hadi 90. Kwa sahani za kwetu hesabu yake ni hivi: mayai mawili ya kuchemsha asubuhi ni gramu 12; uji uliopikwa kwa glasi ya maziwa unaongeza 8; bakuli la maharage mchana, 15; kipande cha samaki cha gramu 100 jioni, 20 au zaidi kidogo; kiganja cha karanga, 7. Ukijumlisha na kile kidogo kilichomo ndani ya ugali, amefikia 70, na nyama ya ng'ombe haijaguswa. Asiyemudu samaki kila siku ana dagaa, chakula bora mno kwa mgonjwa huyu, ambacho wengi hukidharau kwa sababu ya bei yake ndogo. Kinachofaa ni kuigawa protini hiyo katika milo yote ya siku. Kuirundika kwenye chakula cha jioni hakusaidii sana.

Wiki tatu za dripu

Dripu nyingi za kemo ya titi hutolewa kila baada ya siku 21, na ndani ya siku hizo mwili hupita vipindi vinavyojulikana. Mpishi anayevijua hupika kwa kuvifuata.

Siku tatu za mwanzo ni za kichefuchefu. Dawa za kukizuia zimezwe kwa saa zilizoandikwa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa sababu ni rahisi kukizuia kuliko kukituliza kikishaanza. Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara. Kilichopoa huvumilika kuliko cha moto kwa kuwa hakina harufu kali: viazi vitamu vilivyochemshwa, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, ndizi mbivu, mkate mkavu. Kitunguu kisikaangwe karibu na chumba anacholala. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi yao. Chakula anachokipenda kuliko vyote kisipikwe siku hizo: akikitapika mara moja anaweza kukichukia kwa miezi.

Siku hizohizo anywe maji kwa wingi, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Saiklofosfamidi huunguza kibofu ikikaa humo muda mrefu. Dokisorubisini, ile dripu nyekundu, huubadilisha mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, na familia iambiwe mapema isije ikadhani ni damu.

Kuanzia kama siku ya tano hadi ya kumi, kinywa kinaweza kutoka vidonda. Pilipili, ndimu, nyanya na chakula cha moto viwekwe kando. Hapa ndipo mtori wa Kilimanjaro unapofaa kuliko vyakula vingi vya dukani: ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama ya mifupa hadi zikaiva kabisa, zikapondwa pamoja na mchuzi wake, nyama ikasagwa au ikachambuliwa nyuzinyuzi, kisha mtori ukatiwa parachichi au kijiko cha siagi. Unashuka bila kutafunwa, na wanga, protini na mafuta vyote vimo ndani ya bakuli moja. Uchagani mtori ni chakula cha mzazi aliyejifungua, kwa hiyo hata mama mwenyewe huupokea kwa heshima. Kinywa kisukutuliwe mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Ladha ikigeuka na kila kitu kuonja chuma, kijiko cha mti au cha plastiki hupunguza adha hiyo, na samaki au mayai yanaweza kukubalika pale nyama inapokataliwa.

Choo nacho kina mambo yake. Dawa za kuzuia kichefuchefu na za maumivu hukifunga. Papai, maharage, mboga za majani na maji hukifungua. Akiharisha apewe maji ya ORS, wali mweupe, supu na ndizi, na akizidi mara nne kwa siku aripoti kituoni.

Wiki ya tatu hamu ya kula hurudi. Ndiyo wiki ya kujaza kilichopotea, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu kila mtu anaona mgonjwa amepona.

Chakula salama

Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa, na kijidudu ambacho jana kingeleta tumbo la kuuma tu kinaweza leo kumlaza mtu hospitalini. Maji yachemshwe. Maziwa yachemshwe, yakiwemo yale ya kugandishia. Mtindi unaogandishwa kwenye kibuyu kwa maziwa mabichi uachwe hadi tiba iishe. Mayai yakakamae. Nyama choma yenye damu na kachumbari ya mgahawani ziachwe. Matunda ya kumenya nyumbani ni salama kuliko yaliyokatwa na kupangwa barabarani. Joto la mwili likifika nyuzi 38, safari ni ya hospitali usiku huohuo.

Unga na karanga vinahitaji jicho la pekee. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Inashambulia ini, kiungo kilekile kinachoshughulikia dawa nyingi za kemo. Unga wa lishe ununuliwe kidogo kidogo, na karanga zenye kuvu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe. Kuzichanganya ndani ya uji kwa sababu zimegharimu fedha ni hatari.

Damu na juisi nyekundu

Damu ikishuka, nyumba nyingi hukimbilia rozela, juisi ya kiazisukari chekundu na majani ya matembele. Ni vinywaji vizuri, lakini wekundu wa juisi si kipimo cha madini ya chuma. Zaidi ya hapo, upungufu wa damu wa wakati wa kemo mara nyingi hutokana na uboho kuzuiwa na dawa, si kukosekana kwa chuma, na hapo hata maini hayatoshi. Madini ya chuma yakiwa kweli yamepungua, nyama, maini, dagaa na maharage husaidia, mboga zikamuliwe ndimu, na chai isogezwe mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Mgonjwa asianze vidonge vya kuongeza damu, au vya vitamini vya nguvu kubwa, bila daktari wake kujua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, kwa wagonjwa wa saratani ya matiti zaidi ya 1,100, uliona kuwa waliotumia vidonge vya vitamini B12 na vya chuma kabla na wakati wa kemo walirudiwa na ugonjwa zaidi. Haukuthibitisha kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha, ila unatosha kumfanya mtu aulize kwanza.

Miti, sukari na kufunga

Majani ya mstafeli huuzwa sana kwa wagonjwa wa saratani, yakisifiwa kuua uvimbe. Hakuna majaribio kwa binadamu yaliyoonyesha kwamba yanatibu saratani ya titi. Kisiwani Guadeloupe, katika Karibi, watafiti mwishoni mwa miaka ya 1990 walihusisha unywaji wa muda mrefu wa majani na ulaji wa matunda ya jamii hii na ugonjwa wa ubongo unaofanana na Pakinsoni. Kula stafeli moja moja ni jambo moja, na kunywa mchemsho wa majani kila siku ni jingine. Vivyo hivyo manjano ndani ya mchuzi hayana shida, ila vidonge vyake vya dozi kubwa vimewahi kudhuru ini. Balungi linaweza kubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa mwilini, kwa hiyo mfamasia aulizwe. Mgonjwa anayetumia dawa za miti aweze kusema bila kukaripiwa. Akifokewa mara moja atazinywa kwa siri, na hapo hakuna atakayejua kwa nini vipimo vya ini vimepanda.

Usemi kwamba sukari huilisha saratani una asili yake. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba chembe za saratani hutumia glukosi kwa wingi. Lakini mwili hutengeneza glukosi hata kutokana na protini, hivyo kumnyima mgonjwa ugali, wali na matunda humnyima nguvu yeye, na saratani inajipatia. Soda ni suala tofauti: chupa ya mililita 350 hubeba sukari karibu gramu 37, na humjaza mtu pasipo kumjenga. Wenye kisukari wanaopewa steroidi wapime sukari mara nyingi zaidi.

Kuhusu Ramadhani, Kurani yenyewe inamruhusu mgonjwa kutofunga na kulipa siku nyingine, na ambaye hataweza kulipa ana fidia ya kulisha maskini. Anayepigwa dripu atumie ruhusa hiyo bila kujilaumu. Aliyemaliza kemo na kubaki na kidonge kimoja cha homoni kwa siku anaweza kukimeza wakati wa futari au daku, daktari akikubali.

Baada ya tiba

Tamoksifeni, kidonge cha homoni, humezwa kwa miaka mitano hadi kumi. Miaka hiyo ndiyo mirefu kuliko yote, na ndipo uzito unapokuwa jambo la kwanza. Baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili ndiyo kiwanda kikubwa cha estrojeni, homoni inayochochea saratani nyingi za titi. Uzito mkubwa huongeza pia hatari ya mkono kuvimba kwa waliotolewa tezi za kwapa.

Tafiti mbili kubwa za Marekani zinafaa kusomwa pamoja. Mmoja, wa wanawake 2,437, uliotolewa mwaka 2006, uliwapunguzia washiriki mafuta ya chakula. Waliofuata walirudiwa na ugonjwa kidogo kuliko wenzao, na walipungua pia uzito. Mwingine, wa wanawake 3,088, mwaka 2007, uliwaongezea mboga na matunda mengi sana. Uzito wao haukupungua, na hapakuwa na tofauti ya kurudiwa wala ya vifo. Huenda tofauti iko kwenye kilo. Kwa mlo wetu hilo lina maana ya kupunguza mlima wa ugali au wali, kuongeza maharage na mboga, kuchemsha au kuoka badala ya kuzamisha kwenye mafuta, na kutembea kwa kasi nusu saa siku tano za wiki.

Pombe inaongeza hatari ya saratani ya titi hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na mbege, busaa na ulanzi hazina msamaha. Soya, kwa upande mwingine, imesingiziwa. Utafiti wa Shanghai wa mwaka 2009 kwa wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya titi uliona waliokula vyakula vya soya zaidi walikufa kidogo na kurudiwa kidogo. Uji wenye unga wa soya unywewe bila hofu. Vidonge vya soya iliyokolezwa ndivyo vya kuepuka.

Wanaomeza vidonge vya homoni vya letrozoli au anastrozoli hupoteza uimara wa mifupa. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huwapa kalisi, wakati ile ya mchicha hufyonzwa kidogo. Anayejifunika mwili mzima akiwa nje, na hivyo kukosa jua, aombe kupimwa vitamini D.

Saratani ikisambaa, hesabu za gramu hulegezwa. Mgonjwa ale anachotaka, saa anayotaka, na asilazimishwe. Kabla ya kusema amekataa chakula, mhudumu atazame kinywani kama kuna utando mweupe, aulize kuhusu maumivu, na ajue choo kilitoka lini. Vyote vitatu hukata hamu ya kula na vyote vina dawa. Morfini ya maji hufunga choo karibu kila mara, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianzishwe siku ileile inapoanza morfini.